Jina Lisilochelewa

Katika ofisi ile kila kitu kilichelewa, isipokuwa jina moja.

Françoise aligundua jambo hilo Ijumaa ya kwanza ya Oktoba, saa tatu asubuhi, mvua ya kilima cha Nyabiondo ikipiga mabati. Alikuwa anaingiza majina ya wiki. Mashine ilikuwa nzito. Akibonyeza herufi alilazimika kungoja mpaka itokee kwenye kioo, moja moja, kama wazee wanaotoka kanisani. Kisha akafika kwenye jina la mume wake. Aliandika L, akaandika é, na kabla kidole hakijagusa herufi ya tatu, jina lote lilikuwa limekwisha kujiandika: Léopold, mpaka ile d ya mwisho.

Alitazama vidole vyake. Akafuta, akarudia. Ikawa vilevile. Bado alikuwa na majina arobaini ya kuingiza kabla ya saa sita, kwa hiyo aliendelea na kazi.

Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mbao nyuma ya kanisa, chenye paneli mbili za jua, betri moja, na sahani nyeupe ya satelaiti juu ya paa. Mnara wa simu ulikuwa umekufa tangu vita vilipopita mara ya mwisho, na sahani ile ndiyo ilikuwa mdomo na sikio la kilima kizima. Watu waliiita Ofisi ya Kuita. Aliyepotelewa na mtu wake njiani, msituni au kwenye machimbo alikuja pale akajaza fomu. Kila Ijumaa majina, picha na sauti vilitumwa kwenye ofisi nyingine mbili, ya Nyamitaba na ya Itebero, huko chini Walikale. Jumamosi kijana mmoja wa Itebero aitwaye Plamedi alivichukua na kuvisikilizisha sokoni kwa kipaza sauti.

Sauti ndizo zilizokuwa na nguvu. Mtu aliyeishi miaka msituni hukonda, hubadili jina, hukana hata picha yake mwenyewe. Lakini akisikia mtoto wake anamwita katikati ya soko, husimama. Kwa hiyo familia zilileta watoto, na Françoise alinasa sauti zao moja moja, mlango ukiwa umefungwa.

Fomu ilikuwa na maswali ishirini. Swali la kumi na saba liliuliza: Je, familia imeshafanya matanga? Wanawake wazee wa kilima ndio waliotaka swali hilo liwekwe, siku ofisi ilipofunguliwa. Mtu akiwa amekwisha kuliliwa, jina lake huandikwa na picha yake hutumwa, kwa ajili ya kumbukumbu tu. Haitwi kwa sauti. Françoise alikuwa ameieleza sheria hiyo kwa familia zaidi ya mia mbili bila hata mara moja kuuliza sababu yake.

Kwenye fomu ya mume wake aliandika: Hapana.

Ukweli ulikuwa huu. Léopold aliondoka miaka mitatu iliyopita kwenda kuchimba mawe ya madini Walikale. Habari zikaja kwamba shimo liliporomoka na watu wakabaki ndani. Mama yake, Emérita, alingoja mwaka mzima, halafu akafanya kama wanavyofanya pale mwili usipopatikana. Alikata shina la mgomba, akalipima urefu wa mwanawe, akalivisha shati lake la bluu, akalizika chini kwenye shamba la maharagwe. Watu walilia siku tatu. Françoise alinyolewa nywele, akalia pamoja nao, akapika, akaosha masufuria. Lakini moyoni alijua alichokiona kikishuka kaburini, nacho kilikuwa shina la mgomba.

Basi mwezi wa tisa alimkalisha binti yake Naomie mbele ya mashine. Naomie alikuwa na miaka saba na sauti kubwa kupita mwili wake; majirani walisema anaweza kuita ng'ombe wa Nyamitaba wakaja.

"Niseme nini, mama?"

"Umuite papa yako."

Mtoto alivuta pumzi mpaka mabega yakapanda. "Papa! Kuya nyumbani! Ni mimi, Naomie!"

Mara tatu alimwambia baba yake aje, kama fomu inavyotaka.

*

Ijumaa ileile ya mvua, baada ya majina arobaini, kidirisha kidogo kilifunguka pembeni mwa kioo. Kilikuwa na jina la Léopold, namba ya fomu yake, na mstari mwembamba wa kijani ulioanza kujaa kutoka kushoto. Asilimia tatu.

Alijua mstari kama ule. Huo ndio uliojaa mashine ilipokuwa inapokea picha kutoka Nyamitaba. Picha ilichukua dakika mbili. Huu ulifika jioni ukiwa bado asilimia tatu, na Jumatatu ulikuwa nne. Kitu kikubwa kinakuja, aliwaza. Labda video. Labda anaongea.

Hakumwambia mtu.

Kuanzia hapo mtandao ulianza kufa. Ujumbe wa mistari miwili ulichukua nusu siku. Mama Céline, aliyekuwa anangoja habari za wanawe wawili, alikuja kila asubuhi na kuketi kwenye benchi na kapu lake.

"Rezo yako inakokota muguu kama ng'ombe mwenye kuumwa kwato," alisema siku moja, akimaanisha mtandao. "Ao mumeacha kulipa?"

"Ni mvua, mama Céline."

"Mvua iko inanyesha Nyabiondo tangu mimi nazaliwa. Na haijawahi kula barua yangu."

Ndani ya mashine kulikuwa na ventilo, kile kipepeo kidogo cha kuipoza. Zamani kilizunguka kidogo kikanyamaza. Sasa hakikunyamaza. Kilitoa sauti kavu ya kukwaruzana, na Françoise alichukua siku kadhaa kuitambua: ilikuwa sauti ya majani makavu ya mgomba upepo unapopita. Kisha ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya shina lililokatwa sasa hivi, mbichi, ya maji maji. Alitafuta chini ya meza, nyuma ya betri. Hakukuwa na kitu. Lakini alipoinua mikono kutoka kwenye vibonyezo, ncha za vidole zilikuwa na madoa ya kahawia, na kila mkulima wa Masisi anayajua madoa hayo. Utomvu wa mgomba hautoki kwa sabuni wala kwa majivu. Nguo iliyoguswa nao huzeeka nao.

Nyumbani Naomie alianza kupwelewa sauti.

Ilikuwa majira ya mafua, watoto wote walikohoa. Françoise alimpa tangawizi na ndimu. Wiki ya pili alimpeleka kwenye kituo cha afya. Muuguzi alimulika koo na tochi, akasema koo ni safi, pengine mtoto anapiga kelele sana shuleni. Mwalimu naye alisema hapana, siku hizi Naomie amekuwa mpole, hata wimbo anauimba chini chini.

Mstari wa kijani ulifika asilimia hamsini na nane.

*

Thierry, fundi wa ofisi zote tatu, alikuja kwa pikipiki kutoka Masisi akiwa na tope mpaka kwenye nyusi. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mikono ya haraka.

"Mama Naomie, hii mashine inahema kuliko pikipiki yangu kwenye mupando. Umeipakia mihogo?"

Alifanya kazi yake kwa utaratibu. Alipanda paa akafuta sahani, akaisogeza kidogo. Akabadilisha waya. Akatoa simu zote za vijana waliokuwa wameiba neno la siri na kunywa mtandao kutoka nyuma ya ukuta. Zilikuwa kumi na moja. Akafungua mashine, akapuliza vumbi. Akaizima, akaiwasha. Uzito ulibaki palepale. Mwisho alifungua orodha ya kazi zote ambazo mashine ilikuwa inafanya wakati ule, akasogeza uso karibu na kioo.

"Kuya uone," alisema. "Prosesa, njo ubongo ya mashine. Hapa inaonyesha kila kazi inakula ubongo kiasi gani. Hii, moja. Hii, sifuri. Sasa angalia hii mustari."

Mstari mmoja ulikuwa unakula tisini na saba. Mahali pa jina hapakuwa na kitu.

"Ni virusi?"

"Virusi iko na jina. Hata mwizi iko na jina." Aliuua mstari ule. Ulitoweka. Ventilo ikanyamaza, na katika ukimya huo wote wawili walisikia kitu kama mtu anayemeza mate, karibu sana. Halafu mstari ukarudi, tisini na saba, na kipepeo kikaanza tena kuchakarisha majani yake.

Thierry alijikuna shingo. "Nafuta mashine yote. Naweka mupya. Saa mbili tu."

"Hapana," alisema Françoise.

"Mama Naomie..."

"Kuko kitu inaingia. Ya papa Naomie." Alimwonyesha kidirisha. Ilikuwa mara ya kwanza kumwonyesha mtu. "Acha imalize kwanza. Imebakia kidogo."

Thierry aliangalia jina, akaangalia asilimia, akamwangalia mwanamke. Alimfahamu Léopold, waliwahi kuchangiana pikipiki moja. Akafunga begi lake.

"Sawa. Nitarudia na kifaa ya kupima laini. Lakini mashine yenye kazi isiyo na jina, mimi siwezi kulala nayo nyumba moja."

Ile wiki iliyofuata Françoise aliilinda mashine kama mgonjwa. Jua lilipokuwa dogo alizima taa na kuchomoa simu za watu ili betri yote iwe ya mstari wa kijani. Mama Céline alipolalamika alimwambia mtambo umeharibika. Sabini. Themanini na mbili. Kila asilimia aliifurahia kimya kimya, kama mtu anayehesabu vilima vinavyomtenga na msafiri. Jioni alirudi nyumbani, akamkuta Naomie anamsimulia mdoli wake habari za shule kwa mnong'ono, akampa tangawizi nyingine.

*

Thierry alirudi Jumamosi asubuhi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye vizingiti vya milango, na Françoise alikuwa amekuja na Naomie kwa sababu shule ilikuwa imefungwa. Mtoto aliketi kwenye benchi ya Mama Céline, akichezesha miguu.

Mstari ulikuwa asilimia tisini na nne.

Thierry aliunganisha kisanduku kidogo kati ya mashine na waya wa sahani. Namba zilianza kwenda. Alizitazama, akakipiga kisanduku kwa kidole, akazitazama tena.

"Ulisema kitu inaingia."

"Ndiyo."

"Mama Naomie, hapa hakuna kitu inaingia. Yenye kupokelewa, sifuri. Tangu Ijumaa ya kwanza ya Oktoba, sifuri." Aliteremsha sauti. "Yote iko inatoka. Laini imejaa juu ya kutuma, haiko juu ya kupokea. Uko unatuma nini Itebero, wiki tano?"

"Mimi natuma majina ya Ijumaa tu."

"Kuko kitu ya hapa iko inaenda."

Françoise aligeuka. Hakujua kwa nini aligeukia benchi. Naomie alikuwa anaimba wimbo wa shule, kichwa kikienda huku na huku, mdomo ukifunguka na kufungika, koo likicheza, na hakuna sauti yoyote iliyotoka.

"Naomie! Niite."

Mtoto alishangaa. Midomo ikafanya *mama*. Kilichosikika ni pumzi, na nyuma ya pumzi uzi mwembamba wa sauti, mwembamba kiasi kwamba ventilo ilikaribia kuufunika.

Kwenye kioo namba ilibadilika. Tisini na tano.

Thierry alichomoa waya wa sahani. Akachomoa betri. Akaukata hata ule waya mdogo wa paneli kwa koleo. Kioo hakikuzimika. Kipepeo kiliendelea kuzunguka bila umeme, na kutoka kwenye matundu ya mashine utomvu ulianza kudondoka mezani, tone baada ya tone, mweupe kwanza, halafu kahawia.

"Nenda kwa Koko, mama ya papa Naomie," Françoise alimwambia Thierry kwa mnong'ono. "Mulete. Kimbia."

*

Emérita alikuja na jembe begani, kwa sababu alikuwa ametolewa shambani. Alinusa hewa ya ofisi mara moja tu.

"Mulimwita."

Françoise alimvuta Naomie karibu naye.

"Minakuuliza, wewe mwenye masomo. Ile karatasi yenu iko na swali. Mimi njo niliomba waliweke. Uliandika nini?"

"Niliandika hapana."

Mama mkwe alifunga macho. "Watu ya mujini wanasema jini. Sisi tunasema mwenye shina. Unafikiri tulizika mugomba juu ya kuchezea watu? Mutu akikosa kaburi, kuko kitu inazunguka na njaa inatafuta jina la kuingia. Tunaipatia shina, tunaipatia shati, tunasema: kaa humu. Na inakaa. Siku mutu wa ile damu anasema *kuya*, inatoka. Haina mudomo yayo yenyewe. Inakamata ya ule amemwita."

"Mama, munisaidie."

"Mi si mufumu, si muganga. Lakini nilifunga, minajua namna ya kufunga tena. Aliyeita njo anapashwa kurudisha. Haiko wewe, haiko mimi." Alimtazama mjukuu wake. "Ni huyu. Anasimama pale juu ya kaburi, anasema: *Papa, baki.* Maneno mbili. Kama angali nazo."

Tisini na sita.

Françoise alimfunga Naomie mgongoni kama mtoto mchanga, ingawa miguu yake ilining'inia mpaka magotini, wakateremka watatu kwenye njia ya maharagwe, Emérita mbele na jembe, Françoise akifuata kisigino cha mama mkwe kwa sababu ukungu haukuonyesha kingine, na kila alipokanyaga alimwambia mtoto, "Papa, baki, umesikia, ni ile tu, Papa, baki, usiseme kitu ingine, usikohoe, usilie, iweke," na alihisi kidevu kidogo kikiitikia begani mwake, na pembeni, ndani ya ukungu, upande wa kushoto ambako hakukuwa na shamba la migomba wala haikuwahi kupandwa, majani makavu yalikuwa yanakwaruzana, yakienda walivyokwenda, yakisimama waliposimama.

Thierry alikuwa amebaki ofisini kuangalia namba. Walisikia akipaza sauti kutoka juu, mbali: "Tisini na saba!"

Emérita alichimba. Hakuchimba sana. Shina ambalo baada ya miaka miwili chini ya udongo wa mvua lilipaswa kuwa tope lilikuwa pale, kijani, limejaa, limekaza shati la bluu mpaka vifungo viwili vikakatika, na jembe lilipolikwaruza kidogo lilitoa maji, nayo maji yalikuwa ya vuguvugu, na juu yake, pale Emérita alipokuwa amefunga kitambaa kuwa mahali pa kichwa, kitambaa kilikuwa kinaingia ndani na kutoka, kinaingia na kutoka, taratibu, kama kitambaa kilichofunika mdomo wa mtu aliyelala.

"Tisini na nane!"

"Mushushe," alisema Emérita. "Asimame hapa. Sasa. Mutoto yangu, angalia Koko. Sema."

Naomie alisimama ukingoni mwa shimo. Alitazama shati la bluu. Alikuwa na miaka minne baba yake alipoondoka, na shati lile ndilo alilolikumbuka; alilalia bega lake siku ya mwisho, njiani kwenda kwenye lori. Mama yake aliona uso wa mtoto ukibadilika, akajua kabla haijatokea, na alijua pia kwamba hakuna mkono wowote duniani ungefika kwa wakati.

Mtoto alivuta pumzi mpaka mabega yakapanda.

"Papa," alisema, na ilikuwa sauti yake yote, ileile kubwa ya kuita ng'ombe, safi, ikapiga kilima cha pili ikarudi. "Papa, kuya!"

Halafu hakuna tena.

Kutoka ofisini Thierry hakupaza sauti. Hakukuwa na haja. Majani yaliyokuwa yakikwaruza ndani ya ukungu yalinyamaza, kitambaa kikalala, na shati la bluu likashuka polepole, likabonyea, mpaka likawa nguo tu iliyotandazwa chini ya shimo. Emérita aliinama akaliinua kwa mpini wa jembe. Chini yake hakukuwa na shina. Kulikuwa na udongo mkavu.

"Nilikuambia uandike ndiyo," alisema bikizee, ingawa hakuwa amemwambia chochote. Akaketi kwenye maharagwe, akajifunika kichwa kwa kitambaa chake.

*

Waliporudi, Thierry alikuwa amesimama nje ya mlango na hakutaka kuingia. Mashine ilikuwa imetulia. Ventilo ilizunguka mara mbili, ikasimama, kama ya mashine mpya. Betri na waya vilikuwa bado sakafuni vilipokatwa. Thierry alipoingia mwishowe na kuviunganisha upya, mtandao ulifunguka kwa kasi ambayo ofisi ile haikuwahi kuiona. Barua za wiki tano zilishuka zote kwa pamoja. Wana wa Mama Céline walikuwa Nyamitaba tangu katikati ya Oktoba, wazima, wakiuliza kwa nini mama yao hajibu. Barua yao ya mwisho ilisema wamechoka kungoja, wamekwenda kutafuta kazi msituni.

Ya mwisho kabisa ilikuwa ya dakika ile. Ilitoka kwa Plamedi.

*Jambo mama Françoise. Leo saa ine na nusu sauti ya mutoto wako imefika yote. Hatukuiomba. Nimezima kipaza sauti, nimetoa hata waya, lakini angali analia. Watu wamekimbia soko. Anauliza mama yake iko wapi. Nimujibu nini?*

Françoise alisoma mara moja. Kisha akakaa, akamweka Naomie magotini, akafungua fomu ya Léopold na kubonyeza mahali pa sauti.

Mashine ilishtuka. Kipepeo kikaruka. Kwenye orodha ya kazi mstari usio na jina ulirudi, tisini na saba, na mtandao wote wa kilima ukakabwa. Halafu, kutoka kwenye spika ndogo, kwa mbali, kwa kukatika katika:

"Mama? Mama, hapa ni wapi? Kuko migomba tu. Papa iko hapa. Ananishika mukono. Iko baridi, mama, mwili yake yote iko maji. Hasemake kitu. Mama, unitoe huku."

Naomie aliyekuwa magotini alisikiliza, amekunja uso, kama mtoto anayesikia mtoto mwingine akilia kwa jirani.

*

Thierry alileta mashine mpya mwezi wa kumi na mbili. Ipo ndani ya karatasi zake mpaka leo, chini ya meza. Françoise hakumruhusu aifungue.

Naomie anakwenda shule. Anakula vizuri, anaandika vizuri, anacheza kamba na wenzake. Hacheki kwa sauti wala halii kwa sauti. Akianguka hukimbia kumvuta mama yake nguo amwonyeshe goti. Emérita amelilimia shimo na kupanda maharagwe juu yake. Maharagwe hayajaota.

Kila Ijumaa, badala ya kuita majina, Françoise hufunga mlango na kubonyeza mahali pa sauti. Kilima kizima kinajua siku hiyo mtandao haupo. Watu hupiga mbao za ukuta, hutukana, huondoka. Yeye huongea na yule wa Itebero mpaka jua linapoishiwa nguvu. Humuuliza kama amelala, humwambia ajifunike, humfundisha kuhesabu. Mtoto yule hakui. Kila wiki anauliza lile lile, na kila wiki mama yake anamwambia angoje kidogo.

Mwezi wa pili Thierry alipita, akaketi kwenye benchi, akaomba angalau amwache afute ule mstari.

"Mama Naomie, watu wamechoka. Mama Céline ameenda kwa muguu kutafuta watoto wake, hajarudi. Niambie tu, ni nini ingali inakula hii laini?"

Françoise alifungua mdomo kumjibu, akakohoa. Akajaribu tena, ilitoka pumzi, na nyuma ya pumzi sauti kavu iliyopwelea. Thierry alimtazama. Kisha akatazama kioo.

Kidirisha kilikuwa pembeni, kile kile, na mstari wa kijani umeanza upya kutoka kushoto. Asilimia sita. Mahali pa jina paliandikwa Françoise.

Thierry alishika koleo, akanyoosha mkono kwenye waya wa sahani. Françoise aliushika mkono ule kwa nguvu ya mwanamke anayelima. Alivuta karatasi ya fomu, akaandika nyuma yake, akamsogezea.

*Iache. Mutoto hawezi kukaa kule peke yake.*